Pedali Laini na Sala ya Safari

Je, ni imani kumwomba Mungu alinde safari ambayo sisi wenyewe tunajua si salama? Swali hili lilinijia Jumamosi moja usiku hapa Tabora, mikono yangu ikinuka mafuta ya breki.

Gurudumu moja la mbele la gari langu lilikuwa likipata moto. Pistoni ya kalipa, kile chuma kinachobana pedi kwenye diski, ilikuwa imekwama. Mimi si fundi, ila nina spana na jeki. Nilinunua kalipa iliyotumika, nikaifunga mwenyewe chini ya mwembe. Mke wangu alikanyaga pedali, mimi nikatoa hewa, tukarudia hadi giza likaingia. Pedali ikabaki laini.

Lakini nilikuwa nimemwahidi bibi mmoja jirani kwamba kesho nitampeleka kwenye Meza ya Bwana, maana miguu yake haimfikishi kanisani. Nikajisemea: ni mwendo mfupi, Mungu atatulinda.

Sala hiyo haikuniletea usingizi. Nilikumbuka sheria ya Musa juu ya ng'ombe mwenye kupiga pembe. Mwenye ng'ombe ambaye hakujua tabia yake haadhibiwi sawa na yule aliyeonywa akamwacha bila kumfunga. Sisi wa nchi ya mifugo tunaielewa sheria hiyo upesi. Na mimi pedali ilikuwa imekwisha kunionya.

Nilikumbuka pia wapagazi wa Kinyamwezi, waliobeba pembe za ndovu kutoka huku hadi Bagamoyo. Aliyefunga mzigo wake vibaya, bega lililochubuka lilikuwa lake. Gari si hivyo. Nikikosea mimi, anayeumia anaweza kuwa mtoto wa baiskeli ambaye hakuulizwa. Hata Bwana wetu, juu ya kinara cha hekalu, alikataa kujitupa chini ili malaika wamdake. Kama hakumjaribu Mungu kwa mwili wake mwenyewe, mimi nimjaribu kwa miili ya wengine?

Asubuhi nilikwenda kwa miguu.

"Shikamoo, bibi. Gari lipo, lakini breki zake siziamini."

"Marahaba, mwanangu. Na mimi nimekwisha vaa."

Nilitafuta bajaji, ikachelewa kupatikana. Tulipofika, Meza ya Bwana ilikuwa imekwisha. Bibi hakunilaumu, lakini nilimwona akifuta macho kwa ncha ya kitenge. Kiburi changu cha Jumamosi, yeye ndiye aliyekilipia.

Jumatatu nilimwita fundi mzee. Alitazama mara moja tu. "Hii ni kalipa ya upande wa pili." Kitundu cha kutolea hewa kilikuwa kimeelekea chini, na hewa hupanda juu. Ningekanyagiwa pedali mwaka mzima, isingetoka yote. Bidii yangu ilikuwa ya kweli, ila nilihitaji jicho la mwingine.

Wapendwa, sisemi tusishike spana. Kazi ya mikono ni baraka, na fedha ni ngumu. Siku hizi bado natengeneza gari langu, lakini likiwa suala la breki, namwita mzee yule akague kabla mtu yeyote hajapanda. Akisharidhika, ndipo naomba sala ya safari, tena naiomba kwa moyo mweupe.