Kiwavi, Mvua na Lawama

Wahenga walisema: dalili ya mvua ni mawingu. Lakini si kila dalili husomwa kwa wepesi huo. Mkulima wa Geita apandaye mahindi kwa mvua za kwanza za vuli aweza kuliacha shamba likiwa kijani, na baada ya siku chache akalikuta limebaki mabua matupu. Viwavijeshi wamepita. Wapo wazee wasemao kuwa wadudu hao wameshuka na mvua. Kijana wa shule hucheka. Je, ana haki ya kucheka?

Na tulichunguze neno la mzee kabla ya kulitupa. Nondo wazaao viwavijeshi huruka usiku, wakichukuliwa na upepo kutoka mbali. Dhoruba za mvua huwakusanya mahali pamoja, nao hutaga mayai. Viwavi wachanga ni wadogo mno, hawaonekani kwa urahisi. Wakikua huwa weusi, na jeshi zima huonekana kama limetoka mbinguni. Basi mzee aliona sawasawa kwamba mvua na kiwavi huandamana. Alichokosa ni kiungo cha katikati, yaani nondo wa usiku.

Wala upungufu huo si wetu peke yetu. Huko Marekani watu hutazama kiwavi mwenye manyoya meusi na utepe wa rangi ya kahawia katikati. Utepe ukiwa mwembamba, husema, majira ya baridi yatakuwa makali. Mwaka 1948 mtaalamu wa wadudu, C. H. Curran, alianza kuwapima viwavi hao karibu na New York. Leo yafahamika kuwa utepe hutegemea umri wa kiwavi na jinsi alivyokua. Kiwavi husimulia yaliyopita. Watu humsikia akitabiri yajayo.

Kosa la namna hiyo halimdhuru mtu. Madhara huanza pale dalili inapogeuzwa kuwa shitaka. Zamani, Usukumani, mtemi alikuwa mwenye dhamana ya mvua, na ukame ulipozidi aliweza kuondolewa kitini. Mamlaka ya watemi yalikomeshwa mwaka 1963, lakini tabia ya kumtafuta mwenye hatia haikukoma. Katika nchi ya Shinyanga, Mwanza na Geita vikongwe wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, ati kwa sababu macho yao ni mekundu. Macho hayo yalisimulia nini, isipokuwa miaka mingi ya moshi wa jikoni?

Kwa hiyo tusimfundishe kijana kumcheka mzee, wala kumwamini pasipo kuuliza. Amheshimu kwa kulichunguza neno lake. Dalili ikionekana, itupeleke shambani kukagua majani, na kwa bwana shamba kuomba msaada mapema. Isitupeleke mlangoni kwa jirani.