Siku ya Tatu Mpe Jembe

Katika kila usharika wapo watu ambao hatuwaoni ibadani, na si kwa sababu wameacha kuamini. Wanaona aibu kuja mikono mitupu. Ipo sadaka ya kawaida, ipo bahasha ya ahadi, upo mchango wa ujenzi, upo wa jumuiya, na baada ya ibada upo mnada. Mtu anapiga hesabu Jumamosi jioni, anaona hawezi hata kimoja, na Jumapili asubuhi anabaki nyumbani akisikiliza kengele. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi, naye ameamini kwamba methali hiyo inatawala hata madhabahuni.

Tukimwendea nyumbani tutamwambia nini? Wengi wetu tutamwambia, "Njoo tu, Mungu hahitaji fedha zako." Jibu hilo ni jema, lakini halijamaliza neno. Mtu yule haulizi tu kama ataruhusiwa kuketi kwenye benchi. Anauliza atakuwa nani kati yetu: mwenzetu, au mtu wa kuonewa huruma? Hili ndilo tunalotaka kulitafakari hapa. Shukrani ya mtu asiye na kitu ni ipi? Na ukarimu wa kweli kwake ni upi?

Hapa Mponde swali hili si geni. Kwa miaka mingi chai ndiyo iliyolipa ada, ikaezeka nyumba kwa bati na kujaza vikapu vya sadaka. Mwaka 2013 kiwanda cha chai cha Mponde kilifungwa kutokana na mgogoro, na kikakaa kimya miaka mingi. Mkulima mdogo akabaki na majani mabichi yasiyo na mnunuzi, na majani ya chai hayangoji. Yakishachumwa hayawekwi ghalani kama mahindi. Mashamba mengine yakageuka vichaka. Watu wakategemea maharage, ndizi na mahindi ya matutani, na vijana wakashuka Korogwe, Tanga na Dar es Salaam kutafuta vibarua. Lakini kalenda ya kanisa haikufungwa pamoja na kiwanda. Sikukuu ya Mavuno ilifika kila mwaka, na watu wakaitwa kuja kushukuru.

Kushukuru kwa lipi? Kama shukrani ni malipo kwa Mungu kwa ajili ya faida tuliyopata, basi aliyepata hasara hana deni, na aliyepata kidogo ashukuru kidogo. Lakini kila aliyepita kipaimara alifundishwa vingine. Katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, Martin Luther alipoeleza imani yetu kwa Mungu Muumba, alitaja mwili na roho, macho na masikio, akili, mavazi, chakula, nyumba na jamaa, akasema vyote hivyo tunapewa kwa wema wa Baba tu, pasipo sisi kustahili. Shukrani inaanzia hapo, katika pumzi na katika kuamka salama, kabla mizani ya chai haijapima chochote. Na Luther mwenyewe, alipokufa Eisleben mwezi Februari 1546, aliacha karatasi aliyoiandika siku chache kabla, ambamo alikiri kwamba sisi sote ni ombaomba. Ndivyo alivyojiona mwalimu huyo mkubwa mwishoni mwa safari yake. Mbele za Mungu hakuna aliyekuja na mkono uliojaa. Mwenye gari na mwenye jembe la kukodi wanapiga magoti kwenye meza moja ya Bwana, na wote wawili wamekinga mikono mitupu.

Hilo ni neno la kwanza, na bila hilo mengine yote ni bure. Lakini tukiishia hapo tunaweza kumdhuru mtu kwa njia nyingine. Tutamkaribisha, tutampa sabuni na unga siku ya Diakonia, tutamwombea, kisha tutamwacha awe mpokeaji maisha yake yote. Tutajisikia wakarimu. Yeye kila akituona atainamisha macho.

Ipo methali nyingine ambayo mara nyingi tunaisema kwa kicheko: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tunaitumia kumwambia mtu kwa adabu kwamba amekaa sana. Lakini tuisikilize upya kama watu wa milimani wanaojua jembe ni nini. Humpi jembe mtu usiyemwamini. Ukimpa mtu jembe unampeleka shambani kwako, unamwonyesha mipaka na matuta, unamwachia mbegu zako. Tena unamwambia kwamba mavuno yakija naye atakula, kwa kuwa alikuwepo wakati wa kulima. Mgeni anayeandaliwa kiti kila siku anabaki kuwa mgeni. Aliyepewa jembe amekuwa wa nyumbani.

Tuangalie pia mpangilio wa methali yenyewe. Siku mbili zinatangulia. Katika siku hizo mgeni anakula bila kuulizwa kitu, anapewa maji ya kuoga na mahali pa kulala. Jembe linakuja baadaye. Je, si ndivyo tunavyofundisha kuhusu neema na matendo mema? Mungu anatupokea kwanza, bure, kwa ajili ya Kristo; kisha anatutuma shambani mwake. Anayempa mgeni jembe siku ya kwanza anatafuta kibarua. Asiyempa kamwe anatafuta mtu wa kumsifu.

Wazee wetu Wasambaa wanalo simulizi linalofanana na hilo. Wanasimulia habari za Mbegha, mwindaji aliyetoka Ngulu baada ya kufukuzwa na ndugu zake, akaingia milima hii akiwa mgeni asiye na shamba wala ukoo. Habari hizo ziliandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi katika kitabu chake Habari za Wakilindi. Mbegha aliwaua nguruwe waliokuwa wakiharibu mazao, akawagawia watu nyama. Nao wakampa vyakula vya mashambani. Mwisho wake mkimbizi huyo akawa mtawala huko Vuga. Hatusemi kwamba kila mgeni atakuwa mfalme. Tunaona tu kwamba wenyeji hawakumlisha kwa kumhurumia tu. Walipokea alichokuwa nacho, naye akapokea chao, na hapo undugu ukapata mahali pa kuota.

Kanisa nalo lina mfano wake katika milima hii. Lutindi ilianzishwa na wamisionari wa Kijerumani mwaka 1896 kuwa makao ya watoto waliokombolewa utumwani. Mwanzoni mwa karne ya 20 ikaanza kupokea wagonjwa wa akili, na hadi leo ni hospitali ya kanisa letu kwa ajili yao. Huko wagonjwa hawakai wakisubiri dawa tu. Kazi za mikono na za shamba ni sehemu ya matibabu yao. Kule Bethel, Ujerumani, walikotoka wamisionari wengi waliokuja Usambara, Mchungaji Friedrich von Bodelschwingh alikuwa amewafundisha watu kwamba maskini na mgonjwa apewe kazi badala ya sadaka ya ombaomba. Mtu ambaye kijiji kilimfungia ndani, au kilimtupia mawe njiani, anakabidhiwa jembe, na kwa kitendo hicho anaambiwa, "Bado una kitu ambacho sisi tunakihitaji."

Hapa lazima tuseme wazi, maana jembe limewahi kutumiwa vibaya katika ardhi hii hii. Wakati wa utawala wa Wajerumani, Lushoto ilipokuwa ikiitwa Wilhelmstal, wenyeji walibanwa kwa kadi za kazi wafanye siku 30 katika kila miezi minne kwenye mashamba ya walowezi. Lile nalo lilikuwa jembe, lakini halikuwa ukarimu. Tutatofautishaje? Tuulize mavuno yanaliwa na nani. Jembe la ukarimu linamrudisha mtu mezani. Jembe la unyonyaji linamaliza nguvu zake na kumwacha nje ya mlango.

Swali hilo hilo linatufaa kanisani, maana siku hizi wapo wahubiri wanaomwambia mjane apande mbegu ya fedha ili abarikiwe, na baraka zinaonekana kwa mhubiri tu. Katika Injili ya Marko sura ya 12, Bwana Yesu aliwakemea kwanza viongozi wa dini wanaokula nyumba za wajane. Mara baada ya hapo akaketi na kumwona mjane akitia senti zake mbili katika sanduku la hazina. Mambo hayo mawili tusiyatenganishe. Yesu hakuidharau sadaka ya yule mama. Aliiona kuwa kubwa kuliko zote. Lakini pia hakuwasamehe wanaowakamua watu kama yeye. Eliya alipofika Sarepta alimwomba mjane maskini mkate wa unga wake wa mwisho. Tungekuwepo tungemwita nabii mkatili. Lakini baada ya hapo walikula siku nyingi, nabii, mama na jamaa yake. Mavuno yaliliwa na wote.

Tukimfuatilia Bwana wetu tutaona jinsi alivyopenda kuwa mgeni anayepokea. Alimwomba maji mwanamke Msamaria. Alijialika kwa Zakayo, na Zakayo akasimama akaanza kutoa. Na wakoma kumi walipotakaswa, aliyerudi kushukuru ni mmoja, na Yesu akamwita mgeni. Mtu yule hakuleta bahasha. Alileta miguu iliyogeuka nyuma na sauti kubwa ya kumtukuza Mungu. Basi tumejibiwa kuhusu shukrani ya asiye na kitu: ni kurudi, na kumtaja Mungu mbele za watu. Shukrani hiyo haipungui chai inapopungua bei.

Mtume Paulo naye anawaeleza Wakorintho habari za makanisa ya Makedonia, yaliyokuwa katika umaskini mkubwa, lakini yakamsihi sana yapewe nafasi ya kushiriki katika msaada wa watakatifu. Walisihi ili watoe! Paulo angeweza kuwaambia, "Hapana, ninyi ni maskini, kaeni navyo." Ingeonekana huruma, kumbe angewafungia mlango.

Katika sharika zetu mlango huo unafungwa kwa mambo madogo. Mama mzee analeta yai moja, na mtu mwenye nia njema anamwambia, "Kaa nalo, mama, ukale na wajukuu." Heri mnada wetu unapokwenda vizuri: yai lile linanunuliwa kwa bei ya kuku, linarudishwa, linanunuliwa tena, na mama anasimama akiwa mtu aliyelijengea kanisa. Kijana aliyehamia kutafuta kibarua anasimamishwa pamoja na wageni, anaimbiwa, anapigiwa makofi, na Jumapili inayofuata hakuna anayejua jina lake. Angeulizwa anaweza nini, huenda tungempata fundi, au sauti ya besi ya kwaya. Familia inayosaidiwa na Diakonia haiketi kamwe kwenye kamati inayopanga misaada, ingawa hakuna anayeijua njaa kuliko wao. Hata marafiki zetu wa Ujerumani wanapotutembelea, tusiwaonyeshe tu paa linalovuja. Tuwape mzigo wa kurudi nao: maombi yetu, nyimbo zetu, na jinsi watu walivyodumu kumsifu Mungu katika miaka ambayo kiwanda kilikuwa kimya.

Wengine watauliza: na asiyeweza kabisa kushika jembe? Mgonjwa wa siku nyingi, bibi asiyeona, je? Kwanza, siku mbili za methali kwao hazina mwisho, maana thamani ya mtu haitokani na anachotoa. Lakini tusiharakishe kusema hawana kitu. Bibi anayelala kitandani anaweza kupewa majina ya watoto wote wa kipaimara awaombee kila siku, na watoto waambiwe nani anawaombea. Huko nako ni kulima.

Basi tumrudie ndugu yetu anayesikiliza kengele akiwa nyumbani. Tusimtumie ujumbe, twende. Tukae kwake, na akitukaribisha kwa uji usio na sukari, tuunywe wote na kumshukuru. Tumwambie kwamba madhabahuni wote tunakuja mikono mitupu. Kisha tumwambie kwamba Jumamosi ijayo kuna msaragambo wa kuchimba mfereji wa maji nyuma ya kanisa, na kwamba tunamhitaji.

Bwana atupe moyo wa kupokea kutoka kwa wale tuliodhani ni wa kupewa tu. Amina.