Waliojua Mpaka Wakanyamaza

Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye wengi wetu tunamjua kwa jina la Tippu Tip, alisimulia maisha yake kwa Kiswahili, na simulizi hiyo ikachapishwa Berlin mwanzoni mwa karne ya 20. Ndani yake kuna kisa ambacho kila nikikisoma hunichoma. Mwanzoni mwa miaka ya 1870 aliingia Utetera, huko Kongo, nchi ya mzee Kasongo Rushie. Alikuwa amekwisha kupata habari kwamba zamani dada wa mtemi huyo alitekwa vitani, akapelekwa mbali, asirudi tena. Basi akajitangaza kuwa yule mwanamke ndiye bibi yake, na yeye ni mjukuu aliyekuja kwao. Mzee akamkubali, akamkabidhi nchi, na pembe za ndovu zilizokuwa haki ya mtemi zikawa zinapelekwa kwake.

Baba yake Tippu Tip alikuwa mkazi wa huku kwetu. Makao yake yalikuwa Ituru, karibu na Tabora, na mmoja wa wake zake alikuwa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira wa Unyanyembe. Kwa hiyo siamini kwamba katika msafara ule alikosekana mtu wa kuujua ukoo wa bwana wao. Walikuwapo jamaa zake, walikuwapo wenye bunduki na wapagazi, na baadhi yao walijua wazi kwamba mzee wa watu anadanganywa. Wakanyamaza. Walikuwa wanakula kwake, nchi haikuwa yao, na pembe zile wangezibeba wao wenyewe hadi pwani.

Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, inamtambua mdanganyifu wa namna ya Tippu Tip. Atakayesema au kuandika neno, au kwa mwenendo wake akaonyesha jambo, lisilo kweli huku akijua si kweli, kisha kwa njia hiyo akajipatia mali, ametenda kosa la kujipatia mali kwa udanganyifu, na adhabu yake inafika kifungo cha miaka saba. Anayeuza shamba la mwingine akisema ni lake anaingia humo, na anayeuza kiwanja kimoja kwa watu wawili naye yumo. Kwa maandishi, sheria iko wazi. Taabu inaanza pale ambapo hukumu ya Mahakama ya Wilaya inakatiwa rufaa na jalada linapanda kwenda Mahakama Kuu, Kanda ya Tabora.

Rufaa hizi hufanana sura. Muuzaji alitiwa hatiani, akatoa kusudio la kukata rufaa ndani ya siku 10, akawasilisha sababu zake ndani ya siku 45. Jaji hakumwona shahidi hata mmoja. Ana karatasi mbele yake: hati ya mashtaka, mwenendo wa kesi, vielelezo, hukumu. Kwa kuwa ni rufaa ya kwanza, wajibu wake ni kuupima ushahidi wote upya, na hapo ndipo kesi nyingi zilizoonekana ngumu kama jiwe zinapoanza kumeguka. Mkataba wa mauziano ulipokelewa kama kielelezo lakini haukusomwa kwa sauti mahakamani ili mshtakiwa ayasikie yaliyomo. Mahakama ya Rufani ilikwisha kuweka msimamo juu ya hilo tangu mwaka 2003, na kielelezo cha namna hiyo huondolewa kwenye kumbukumbu. Mkataba ukiondoka, yanabaki maneno ya watu. Na maneno ya watu, katika mambo ya ardhi, huwa yanaelekea pande mbili.

Hapo linakuja swali zito kuliko yote: shamba lenyewe ni la nani? Mahakama zetu zimesema kwa muda mrefu, na hukumu iliyoripotiwa mwaka 1992 katika kesi ya kuingia kwa jinai hutajwa hadi leo, kwamba haifai kumtia mtu hatiani juu ya ardhi ambayo umiliki wake bado unagombewa na haujaamuliwa katika shauri la madai. Jinai inadai uthibitisho usioacha shaka yenye mashiko. Ikiwa Jamhuri yenyewe haijaonyesha mwenye shamba ni nani, itawezaje kuonyesha kwamba muuzaji alijua si lake? Jaji anafuta hatia, anatengua adhabu, anaamuru mrufani aachiwe huru, na wenye mgogoro wanaelekezwa kwenye vyombo vya ardhi.

Mnunuzi aliyekaa benchi la nyuma anaondoka na nini? Katika kesi ya jinai yeye ni shahidi wa Jamhuri tu. Hana rufaa yake. Mwenye haki ya kwenda mbele zaidi ni Mkurugenzi wa Mashtaka, na akiona hakuna haja, ndiyo mwisho. Hata kama muuzaji angebaki na hatia yake, kifungo hakirudishi fedha. Mahakama inaweza kuamuru fidia, lakini fidia kutoka kwa mtu aliyekwisha kuzila hela, akajengea nyumba ya mke wa pili au akalipia deni la tumbaku, hubaki kwenye karatasi kwa miaka. Nimewasikia watu wakitoka mahakamani wakisema jaji kanunuliwa. Ni neno la uchungu na uchungu wao ni wa kweli, lakini mara nyingi halimstahili yule jaji. Amelinda kitu ambacho kila mmoja wetu atakitaka siku akisingiziwa.

Ardhi ya Unyamwezi ina historia inayompa kila mtu kauli. Wajerumani kwa amri ya mwaka 1895 waliitangaza ardhi isiyo na mwenye hati kuwa mali ya dola yao. Waingereza wakaja na sheria yao ya mwaka 1923. Kisha, katikati ya miaka ya 1970, Operesheni Vijiji ikawahamisha watu kutoka kwenye matongo ya babu zao na kuwapanga barabarani. Mtu aliacha miembe aliyoipanda babu yake, akapewa eka katika ardhi ambayo nayo ilikuwa tongo la mtu mwingine. Miaka ikapita, watoto wakakumbuka, wengine wakarudi. Mwaka 1994, katika shauri lililotoka Mbulu, Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba haki ya kimila juu ya ardhi ni mali inayolindwa na Katiba, haiwezi kufutwa hivi hivi bila fidia. Hukumu ile niliipenda na ninaipenda hadi leo. Lakini kijijini iliacha swali linaloendelea kutusumbua: shamba ambalo babu yangu alilifyeka, baba yako alipewa na kijiji, na mwanangu amelilima kwa misimu kadhaa, nani ana haki ya kimila hapo?

Katika hali hiyo muuzaji anaweza kuamini kwa moyo wake wote kwamba anauza chake. Huyo si tapeli hata kama kakosea. Na tapeli anaijua nafasi hii, anajificha humo humo. Akikamatwa anasema kwa upole, “Mheshimiwa, mimi nilijua ni urithi wetu.” Sheria ya jinai inataka kujua moyoni mwake mlikuwa na nini siku ile alipopokea fedha. Jaji wa Mahakama Kuu, kilomita nyingi kutoka shambani, miaka kadhaa baada ya tukio, atauonaje moyo huo kwenye karatasi?

Walioweza kuuona walikuwapo. Kwa maoni yangu hapa ndipo penye jeraha lenyewe, na ndipo tusipopatazama.

Mauziano ya shamba kijijini au pembezoni mwa mji, Itetemia, Ndevelwa, Misha, huwa hayafanywi gizani. Fedha zinahesabiwa mezani mchana. Mwenyekiti wa mtaa au wa kitongoji yupo, ana mhuri, na katika sehemu nyingi za nchi yetu amezoeshwa kupokea ile asilimia kumi ambayo hakuna sheria iliyompa. Wapo mashahidi wa upande wa muuzaji na wa upande wa mnunuzi. Mara nyingi yupo pia jirani anayepita na baiskeli, anayejua kwamba mpaka wa shamba lile haukuwa kwenye mkonge mpya bali kwenye mnyaa wa zamani ulio ng'ambo ya kijito. Anawasalimu, anaitikiwa, anapita. Yupo shangazi wa muuzaji, anayejua kuwa ndugu wawili wako Kahama na Mpanda na hawajaulizwa. Naye anapika ugali wa wageni. Miaka miwili baadaye watu hawa hawa wanaapa kizimbani na kusema, “Sote tulijua shamba si lake.” Kama mlijua, mbona siku ile mlikula?

Nasema hivi kwa ukali kwa sababu nimelelewa na mtu aliyekataa. Baba yangu alikuwa akijua kusoma na kuandika vizuri, hivyo watu walimfuata awe shahidi wa mikataba yao. Siku moja wakaja wawili na karatasi iliyokwisha kuandikwa, wakamwomba aweke sahihi.

“Mzee, ni jina tu. Fedha unaziona hizi hapa.”

“Fedha nimeziona, wanangu. Shamba sijaliona. Niitieni majirani wa pande zote nne, twende tukakanyage.”

“Tutachelewa, mzee wetu. Mnunuzi anarudi Nzega leo.”

“Basi akarudi salama. Shamba halina miguu.”

Hawakuwaita majirani. Walimpata mwingine wa kuweka sahihi, na watu wakamsema baba kuwa ana roho ya kwa nini. Alisemwa kwa muda mrefu. Ninajua kwamba ilimuuma, maana alipenda kupendwa, na kijijini mtu anayekwamisha biashara ya mwenzake huonekana mchawi. Kunyamaza kwa majirani hakutokani na ubaya wa moyo kila mara. Wapo wanaoogopa, wapo wanaoona haya kumwumbua ndugu mbele ya mgeni. Wengine wanajiambia kwamba serikali ipo, itajua.

Na kwa kweli serikali imejaribu kutujengea mahali pa kusemea. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, uhamisho wa haki ya kimila unahitaji kibali cha Halmashauri ya Kijiji, na mauziano yasiyo na kibali hicho yamekwisha kubatilishwa na mahakama mara kadhaa. Lipo Baraza la Ardhi la Kijiji. Lipo Baraza la Kata, ambalo tangu mabadiliko ya mwaka 2021 halitoi tena hukumu, kazi yake ni kusuluhisha, kisha juu yake Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mwaka huo huo wa 2021 Kiswahili kikafanywa kuwa lugha ya sheria na mahakama, jambo ambalo mkulima wa Sikonge alikuwa akilidai kwa haki tangu tupate uhuru. Milango ni mingi. Lakini kibali cha Halmashauri kinatolewa na watu wale wale tunaokutana nao gulioni. Kama kikao kimekaa na wajumbe wanajua kuna ndugu hawajaulizwa, muhtasari wa kikao hautaandika wasichokisema.

Tabora ilikuwa mji wa kuaminiana kabla haijawa mji wa mihuri. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilienda kwa mkopo. Taria Topan wa Unguja aliwakopesha wafanyabiashara, akiwamo Tippu Tip, vitambaa na shanga zilizotoweka bara kwa miaka kabla pembe hazijarudi. Aliyevunja ahadi Unyanyembe habari zake zilimtangulia pwani. Sitaki kuipamba njia ile, maana watu waliuzwa humo, na uaminifu wa mkopeshaji kwa mkopaji haukumsaidia mtumwa aliyefungwa mnyororo. Wala haukumsaidia Kasongo Rushie. Tippu Tip alilipa madeni yake Unguja kwa pembe alizozipata kwa uongo huko Kongo. Kwa aliowajua alikuwa mwaminifu. Kwa asiowajua aliona hadaiwi heshima. Tabia hiyo ninaiona sasa, pale ambapo mnunuzi ni “mtu wa kuja” tu, mfugaji aliyetoka Shinyanga au mfanyakazi aliyehamia na ujenzi wa reli mpya, na sisi wenyeji tunaona kwamba kulizwa kwake hakutuhusu.

Mpwa wangu anatafuta kiwanja. Tangu mkataba wa reli ya kisasa ya kutoka Makutupora hadi Tabora uliposainiwa Desemba 2021, madalali hawampi mtu nafasi ya kupumua: ukichelewa leo, kesho kimekwenda. Nilimwambia asitoe hata shilingi kabla ya kukanyaga mipaka na majirani wote, awaulize mbele ya muuzaji, na awaombe waseme kwa sauti. Alipofanya hivyo mara ya kwanza muuzaji alinuna, dalali akampeleka mtu mwingine, kiwanja kikauzwa siku mbili baadaye. Kijana alinipigia simu na sauti yake ilikuwa na lawama. “Mjomba, mwenzangu ameshaanza kufyatua tofali.” Sikuwa na la kumfariji. Sijui kama kiwanja kile kina kasoro. Huenda hakina, na kama ni hivyo nimemkosesha.

Bado anapanga chumba Isevya. Wiki iliyopita alinieleza kuna kingine, upande wa Misha. Majirani watatu wamekwisha kukanyaga naye, na mmoja wao, bibi mmoja mwenye miaka mingi, alimsahihisha muuzaji mbele ya watu juu ya mpaka wa upande wa bondeni, akamwonyesha ulipo. Muuzaji akakubali. Jirani wa nne amekwenda kuuguza Urambo, atarudi Jumamosi. Dalali anasema kuna mteja mwingine mwenye fedha mkononi. Mpwa wangu amemjibu kwamba atasubiri Jumamosi.