Aliyetafuta Kasi Akapoteza Wakati

Mwaka 1978 kampuni ya Taito ya Japani ilitoa Space Invaders, mchezo uliobuniwa na Tomohiro Nishikado. Wavamizi 55 hushuka safu kwa safu, na kadiri mchezaji anavyowapunguza ndivyo waliobaki wanavyozidi mbio, mpaka yule wa mwisho anakimbia kama aliyepagawa. Mbio hizo zilitokana na udhaifu wa mashine. Prosesa ya Intel 8080 iliyokuwa ndani yake, ya megahezi 2, haikuweza kuwasogeza wote kwa mpigo. Ilimsogeza mvamizi mmoja tu kila kioo kilipochorwa upya, yaani mara 60 hivi kwa sekunde. Wakiwa 55, hatua moja ya jeshi zima inakaribia sekunde kamili. Akibaki mmoja, anapiga hatua kila fremu. Nishikado aliliona jambo hilo akaliacha lilivyo, na kuanzia hapo likawa ndiyo raha yenyewe ya mchezo.

Naanzia hapo kwa sababu kila kijana anayetaka kuhamishia emyuleta ya michezo ya zamani kwenye konsoli ya mkononi huja na ombi moja: kasi. Anataka namba ya asilimia pale juu ya kioo isome mia. Funzo hili ni lake.

Emyuleta ni programu inayojifanya mashine nyingine. Inasoma amri zilizoandikiwa chipu ya kale, moja baada ya nyingine, na kuzitekeleza kwa chipu ya leo. Iliyo maarufu kuliko zote kwa mashine za michezo za kutumbukiza sarafu ni MAME, ambayo Mwitaliano Nicola Salmoria aliitoa tarehe 5 Februari 1997. Iliandikiwa kompyuta za mezani zilizotumia DOS, na waliokuja kuiendeleza walisema wazi kwamba lengo lao ni kuhifadhi namna mashine hizo zilivyofanya kazi. Kuchezeka kwake ni faida ya ziada. Lengo hilo ndilo wahamishaji wengi hulisahau mapema.

Nimchore mhamishaji mmoja. Simpi jina, kwa kuwa si mtu mmoja: nimemkusanya kutokana na makosa ambayo kazi hii huwavuta watu kuyafanya. Mwaka ni 2006. Mkononi ana GP2X, konsoli ya Korea Kusini iliyotoka mwishoni mwa 2005, yenye Linux ndani, kumbukumbu ya megabaiti 64, kioo cha pikseli 320 kwa 240 na betri mbili ndogo za kawaida. Mtengenezaji wake aliiacha wazi, kila mtu aiandikie programu, na kwa hilo ilipendwa sana.

Anapiga hesabu. Pac-Man ya 1980 inaendeshwa na Z80 ya megahezi 3.072. Konsoli yake ina prosesa mbili za ARM, kila moja ya megahezi 200. Mia mbili kwa tatu, nafasi si tele?

Si tele. Kila amri moja ya Z80 inabidi isomwe, itambuliwe, itekelezwe, alama za hali zibadilishwe, mizunguko ihesabiwe, kisha itazamwe kama anwani iliyoguswa ni kumbukumbu ya kawaida au ni waya unaokwenda kwenye chipu ya sauti. Jambo ambalo Z80 ililifanya kwa amri moja linaweza kuichukua ARM makumi ya amri. Na hapo bado kioo hakijachorwa wala sauti haijatoka. Street Fighter II ya 1991 ina Motorola 68000 ya megahezi 10, Z80 nyingine inayoshughulikia sauti peke yake, na chipu ya Yamaha YM2151 ambayo sauti zake nane inabidi zikokotolewe upya kwa hesabu. Kuhusu ile prosesa ya pili ya konsoli, ARM940T, haina kitengo cha kusimamia kumbukumbu, kwa hiyo Linux haiitumii kama inavyoitumia ya kwanza. Anayeitaka lazima aiandikie programu yake pembeni na kupitishiana nayo ujumbe. Mhamishaji wetu anaiacha.

Baada ya kazi nyingi Pac-Man inawaka, lakini rangi zimechafuka na vipande vya vizimwi vimekaa upande. Hapa ndipo palipo na somo zito kuliko yote, na ningependa kila anayeanza alisome mara mbili. Msimbo ulioandikiwa kompyuta za mezani umezoea kusoma baiti nne kwa mkupuo kutoka anwani yoyote ile, na prosesa za huko hukubali. ARM920T haikubali, wala hailalamiki. Ukiiomba baiti nne kutoka anwani isiyogawanyika kwa nne, mara nyingi inakupa namba iliyozungushwa, baiti zake zimehama nafasi, kisha inaendelea na kazi kana kwamba hakuna kilichotokea. Programu haianguki, na ujumbe wa hitilafu hauonekani popote. Kuna uongo mdogo tu unaotembea ndani ya hesabu hadi uchomoze kwenye kioo, mbali kabisa na ulipozaliwa.

Tiba yake inajulikana: kutafuta kila mahali panaposomwa hivyo na kuparekebisha. Ni kazi ya kuchosha. Mhamishaji wetu anachagua njia fupi: kwenye faili la kuchora anaongeza mstari unaosogeza picha na rangi zake kidogo, ili Pac-Man ikae sawa. Rangi zinatulia. Hakuandika popote kwa nini alifanya hivyo. Faili hilo linatumiwa na michezo mingine mingi.

Sasa anaigeukia kasi. Kuruka fremu ni mbinu halali, ikifanywa kwa adabu: unaacha kuchora picha, lakini saa ya ndani ya mashine inaendelea, na kila ishara ambayo kioo kilikuwa kikiipelekea prosesa inapelekwa vilevile. Yeye anaruka vyote pamoja. Namba pale juu inapanda hadi mia, anafurahi. Turudi kwa Nishikado: mvamizi mmoja kwa kila ishara ya kioo. Ukizimeza ishara nusu, jeshi linatembea nusu ya mwendo wake, na zile mbio za mwishoni zinageuka matembezi. Kipimo kinasema mia kwa sababu kinahesabu fremu. Wakati wa mchezo wenyewe hakiuoni.

Galaga ya 1981 inamtega kwa namna nyingine. Ndani yake zimo Z80 tatu zinazofanya kazi pamoja na kuachiana ujumbe kwenye kumbukumbu ya pamoja. Emyuleta huzipa zamu fupi fupi, hii kidogo, ile kidogo, ili zionekane zinakwenda sambamba. Kila kubadilisha zamu kuna gharama, basi anarefusha zamu. Chipu moja sasa inaweza kukaa ikisubiri jibu ambalo mwenzake hajapewa nafasi ya kulitoa. Mchezo ukiganda, anaongeza mstari mwingine wa dharura, usio na maelezo kama ule wa kwanza.

Kioo hakihitaji maneno mengi. Street Fighter II ina pikseli 384 kwa upana, konsoli ina 320. Ama ukate kingo, ama utupe safu moja katika kila sita. Pac-Man imesimama wima, mistari 288, na konsoli ina 240. Hapo hakuna ujanja, kuna kuchagua hasara na kumwambia mtumiaji ni ipi.

Mwisho anaongeza mwendo wa prosesa kupita kipimo cha kiwanda. Wengi walifanya hivyo kwenye GP2X, na kifaa chake kinastahimili. Anauweka mwendo huo kuwa wa kawaida kwa kila atakayeipakua programu. Chipu hazilingani hata zikitoka kiwanda kimoja: ya huyu inavumilia, ya yule inaganda baada ya dakika kadhaa, na betri zinakwisha upesi kwa wote.

Watu wanaipakua, kisha malalamiko yanaingia. Mchezo fulani rangi zimehama, ni ule mstari wa Pac-Man. Mwingine unaganda ukifika hatua ya tatu. Anafungua msimbo wake mwenyewe na hajui tena mstari upi ulikuwa tiba na upi ulikuwa kiraka. Wakati huohuo MAME imesonga mbele, na baadhi ya hitilafu anazohangaika nazo zimerekebishwa huko kitambo. Hawezi kuyachukua marekebisho hayo, kwa sababu alikwisha kukata na kupindisha kila mahali ambapo yangeingia.

Wapo walioikabili shida hiyohiyo kwa uangalifu, na ni haki kuwataja kwa kazi zao. MAME iliyopata umaarufu kwenye GP2X ilijengwa juu ya toleo 0.34 la 1998, na nyingine, iliyoitwa MAME4ALL, juu ya toleo 0.37b5. Kuchagua matoleo ya kale hakukuwa uvivu. MAME ilikuwa ikiongeza usahihi mwaka hadi mwaka, na usahihi huo uliifanya nzito. Hasara yake ilikuwa ya wazi: mafaili ya michezo lazima yalingane na toleo, majina na yaliyomo, la sivyo mchezo unakataa kuwaka, na waliohamisha waliliandika hilo kwenye maelezo. Kasi nayo waliitafuta pahali pake. Cyclone inaigiza 68000 na DrZ80 inaigiza Z80, zote zimeandikwa kwa lugha ya asembli ya ARM, amri kwa amri, na mizunguko bado inahesabiwa.

Kwenye PSP ya Sony, yenye kumbukumbu ya megabaiti 32, shida ilikuwa nafasi. Michezo mikubwa ya mfumo wa CPS-2 wa Capcom ina picha zinazoweza kuijaza kumbukumbu yote hiyo peke yake. Mwandishi wa CPS2PSP hakupunguza mchezo. Alitengeneza programu ya pembeni inayozipanga upya picha hizo kwenye kompyuta, kisha konsoli inazivuta kutoka kwenye kadi kadiri zinavyohitajika.

PSP inatukumbusha pia hatari ya upande wa pili, wa anayepakua. Ili kuendesha programu zisizoidhinishwa, wenye toleo 2.0 la mfumo walitamani kurudi 1.5. Oktoba 2005 likasambazwa faili lililojidai kufanya kazi hiyo, ambalo kampuni za usalama wa kompyuta zililiita Trojan.PSPBrick. Lilifuta mafaili manne ya mfumo, na konsoli haikuwaka tena. Waliolikimbilia kabla ya wengine kulipima walibaki na kifaa kisicho na uhai, na mbinu ya kuzifufua mashine hizo kwa betri iliyorekebishwa ilienea mwaka 2007 tu. Anayetoa programu ya konsoli ameshika vifaa vya watu mkononi mwake. Ile tabia ya kuweka mwendo wa prosesa juu bila kumwuliza mwenye kifaa naiona iko jirani na hili, hata kama nia ni njema.

Kuna na suala la haki. Leseni ya zamani ya MAME ilikataza biashara hadi Machi 2016, na kuibadilisha kulihitaji kuwatafuta waliochangia msimbo kwa miaka karibu ishirini ili waridhie. Mwaka 2019 ilijulikana kwamba FinalBurn Alpha, emyuleta nyingine ambayo nayo ilikataza biashara, imo ndani ya Capcom Home Arcade, kifaa cha kuuzwa, kwa kibali cha mmoja wa waendelezaji wake. Wenzake walisema hawakuridhia, wakaondoka na kuanzisha FinalBurn Neo. Ukihamisha msimbo, soma leseni yake kwanza. Majina yaliyomo ni ya watu waliokesha.

Narudi kwa mhamishaji wetu, kwa kuwa bado anaweza kuokoa kazi yake. Atupe viraka vyote na aanze na emyuleta iliyo polepole lakini sahihi, hata ikienda kwa asilimia 30. Aichukue Pac-Man iwe kipimo. Vizimwi vya Pac-Man havina bahati nasibu ya kweli: namba zinazoamua njia zao vinapoogopa huanza mahali palepale kila hatua, ndiyo maana wachezaji wa miaka ya 1980 walikariri njia nzima na kuzirudia bila kukamatwa. Njia iliyokaririwa kwenye mashine halisi lazima ifanye kazi kwenye konsoli yake, kona kwa kona. Ikikataa kwenye kona ya nne, kuna ishara iliyomezwa au mzunguko uliohesabiwa vibaya, na sasa anajua aanzie wapi kutafuta. Kisha abadilishe namba ya hatua kwenye kumbukumbu, aende moja kwa moja hadi hatua ya 256. Huko mchezo wenyewe una kosa: hesabu ya matunda inafurika kwenye baiti moja, na nusu ya kulia ya kioo inajaa herufi na alama ovyo. Uchafu huo lazima auone ulivyo kwenye mashine ya 1980. Kioo kikitoka safi, asitoe programu. Arudi nyuma badiliko moja moja mpaka alipate lile lililokisafisha.