Hendibreki Mbovu na Swali la Lawama

Ajali haina kinga. Kauli hiyo hutolewa msibani, hutolewa kituo cha polisi, hutolewa hata na dereva mwenyewe akiwa bado ameshika kichwa kando ya barabara. Ni kauli ya huruma, na huruma haidai ushahidi. Lakini gari la zamani likiachwa mteremkoni, likashuka lenyewe na kumgonga mtu, mara nyingi kinga ilikuwapo. Ilikuwa kipande cha chuma chenye meno chini ya mkono wa hendibreki, na mwenye gari alikwisha kujua kwamba meno yale yamelika.

Kifaa chenyewe hakina fumbo. Dereva anavuta mkono, kidole cha chuma kinaruka jino baada ya jino, kisha kinanasa na kuuzuia usirudi. Kitufe cha juu ndicho kinachokichomoa kidole hicho kwenye meno. Miaka 50 ya kuvuta na kuachia hulainisha ncha za meno, springi huchoka, pini hutanua tundu lake. Hapo mkono huanza kudanganya: unalia kama kawaida, unasimama juu kama kawaida, halafu mtu anafunga mlango kwa kishindo, gari linatikisika, kidole kinateleza.

Land Rover za Series, zilizotengenezwa kuanzia 1948 hadi 1985 na ambazo Afrika Mashariki ilizizoea mbugani, misheni na kwenye ofisi za serikali, zina mtego mwingine juu ya huo. Hendibreki yake haishiki magurudumu. Hushika shafti inayotoka nyuma ya gia boksi kwenda kwenye difu. Oili sili ya hapo ikivuja, shuu za breki hulowa mafuta, na meno mapya kabisa hayatasaidia kitu. Tena ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, difu huliacha lile lililo hewani lizunguke, na gari zima linaweza kuondoka huku hendibreki imevutwa hadi mwisho. Utingo anayetangulia kusukuma jiwe nyuma ya tairi analijua hilo bila kusomea uhandisi.

Fundi mwaminifu hubadilisha meno na kidole kwa pamoja, kwa sababu kidole kipya juu ya meno yaliyolika huteleza vilevile. Huweka pini mpya, kisha huingia chini ya gari kukagua sili na shuu. Ipo pia dawa ya uchochoroni: kuyachonga meno upya kwa tupa. Yatang’aa, yataonekana makali, ila sehemu ya juu iliyokomazwa kiwandani itakuwa imeondoka, na chuma laini cha ndani hakikawii kulika.

Sasa wafikiriwe wenye magari wawili. Wote wameambiwa na fundi kwamba mkono unateleza, wote wamejibu, “Mwezi ujao, Inshallah.” Wa kwanza anaegesha kilimani mwezi mzima na hakuna linalotokea. Gari la pili linashuka na kuua mtoto. Je, wa pili ni mwovu kuliko wa kwanza?

Mwaka 1976 wanafalsafa Bernard Williams na Thomas Nagel walijadili tatizo hili katika makala mbili zilizobeba jina moja, kuhusu nafasi ya bahati katika maadili. Nagel hakwenda mbali kutafuta mfano. Alimtaja dereva wa lori ambaye hakupeleka breki zake kukaguliwa, kisha mtoto akaingia barabarani. Asingeingia mtoto, dereva huyo angejilaumu kidogo tu. Uzembe ni uleule. Kilichotofautiana ni mahali alipokuwa mtoto dakika ile. Karibu karne mbili kabla yao, Immanuel Kant alikuwa ameshikilia kwamba thamani ya nia njema haiongezwi wala haipunguzwi na matokeo. Nagel aliiona nguvu ya hoja hiyo, lakini aliona pia kwamba watu hawalaumu hivyo, wala mahakama hazihukumu hivyo.

Mwingereza W. K. Clifford, mwanahisabati aliyefariki mwaka 1879 akiwa na miaka 33, alikuwa mkali zaidi. Katika insha yake ya 1877 kuhusu maadili ya kuamini, alimweleza tajiri wa meli kuukuu iliyokwisha kurekebishwa mara nyingi. Tajiri ana shaka, ila matengenezo ni ghali. Anajikumbusha kwamba meli imekwenda na kurudi salama safari nyingi, anajiambia kwamba Mungu hatazitupa familia zote zile zinazohamia ng’ambo, na mwishowe anaamini kwa moyo mweupe. Meli inazama, yeye anachukua fedha za bima. Clifford anamwona na hatia ya vifo vile, na anaongeza kwamba hata meli ingefika salama hatia isingepungua, maana kosa lilikuwa katika namna alivyoipata imani yake. Clifford hakuwa akicheza na mfano wa mbali: yeye mwenyewe alinusurika meli ilipoharibika pwani ya Sicily mwaka 1870, alipokwenda kutazama kupatwa kwa jua.

Msomaji wa haraka ataona hapo shambulio dhidi ya kumtegemea Mungu. Lakini kuna hadithi katika mkusanyiko wa Tirmidhi, iliyopokewa kutoka kwa Anas bin Malik, ya mtu aliyemuuliza Mtume kama amfunge ngamia wake na kutawakali, au amwache huru na kutawakali. Aliagizwa afunge, kisha atawakali. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliipanua maana hiyo katika Ihya Ulumiddin. Aligawa sababu za mambo katika zile za yakini, zile za dhana yenye nguvu, na zile za kubuni tu. Anayeacha sababu ya yakini, kama mwenye njaa asiyenyoosha mkono kwenye chakula kilicho mbele yake, kwa Ghazali hana tawakkul bali ana wazimu. Upande wa pili, moyo usiitegemee kamba yenyewe, maana kamba nayo hukatika. Ndiyo maana hata meno yakiwa mapya, jiwe la utingo lina nafasi yake. Ajabu ni kwamba Clifford, aliyeipa dini kisogo, na Ghazali, aliyeitumikia maisha yake yote, wangempa mwenye gari hukumu moja.

Hata hivyo Clifford hakumaliza mambo. Fiqhi ya Kiislamu, kwa msingi wa aya ya 92 ya Surat An-Nisaa, humtaka aliyeua muumini bila kukusudia atoe diya kwa jamaa wa marehemu, na kafara ambayo kwa asiye na mtumwa wa kumwachia huru ni kufunga miezi miwili mfululizo. Hiyo haisemi kwamba ni mwovu kama muuaji wa makusudi. Inasema uhai umetoka mikononi mwake, na hawezi kuondoka hivi hivi. Hapa ndipo wenye magari wale wawili wanapotengana: kwa uzembe wako sawa kabisa, kwa deni hawako sawa.

Uingereza imelifanya swali hili kuwa la moyoni zaidi. Tangu tarehe 20 Mei 2018, magari mengi yaliyotimiza miaka 40 huko hayalazimiki kukaguliwa kila mwaka, mradi hayajabadilishwa sana. Kuendesha gari la hatari bado ni kosa, na faini yake yaweza kufika pauni 2,500, lakini hakuna mkaguzi atakayeuvuta ule mkono kwa niaba ya mwenyewe.

Basi avute mwenyewe. Asimamishe gari kwenye mteremko mdogo usio na mtu mbele wala nyuma, aweke gia huru, akanyage breki ya mguu, avute hendibreki, kisha aachie mguu polepole. Gari likisogea hata kidogo, lisiegeshwe tena kilimani mpaka lipite kwa fundi.