Siri ya Rafiki na Pumzi Yake

Tuseme vijana wawili wamejificha mahali, mmoja akatumia heroini, na baada ya kitambo haitiki aitwapo. Akoroma kwa namna isiyo ya usingizi, mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano, midomo na kucha zimebadilika rangi. Mwenzake afanye nini? Wapo wamwagiao mgonjwa maji baridi, au kumnywesha maziwa, kisha wakamwacha alale. Wengine hukimbia, wala si kwa chuki. Waogopa polisi, waogopa baba, waogopa aibu.

Rafiki aliomba siri, na siri ni amana. Je, amana hiyo yafika wapi? Twajibu bila kusita: haifiki pale ambapo kuitunza ni kumwua aliyeiweka. Aliomba siri kwa ajili ya maisha yake kati ya watu; maisha yakitoka, siri yalinda nini tena? Hatusemi itangazwe sokoni. Twasema daktari aambiwe kweli yote: ametumia nini, kiasi gani, saa ngapi.

Maana heroini huudhoofisha ubongo usiamrishe tena kupumua. Pumzi huenda polepole, mwisho hukoma. Maziwa hayaondoi jambo hilo, nayo yaweza kumpalia. Basi mgonjwa alazwe ubavu, akimbizwe hospitali, asiachwe peke yake. Akiacha kupumua, apuliziwe pumzi kinywani. Dawa ya nalokisoni yaweza kumrudishia pumzi kwa dakika chache, lakini nguvu yake yaweza kwisha baada ya saa moja hivi, hali heroini ingali mwilini. Kwa hiyo aamkaye na kusema amepona, twende zetu, asisadikiwe upesi.

Huko Marekani, jimbo la New Mexico lilitunga sheria mwaka 2007 ili aitaye msaada katika hatari kama hiyo asishtakiwe kwa kukutwa na dawa, na majimbo mengi yakafuata. Sheria hizo zaitwa za Msamaria Mwema, ingawa Msamaria wa Injili hakungoja sheria yoyote.

Lakini hofu ya kijana mara nyingi huanzia nyumbani, kabla ya polisi. Enyi wazazi, mtoto aliyesikia kila siku mezani kwamba mtumia dawa ni takataka, usiku ule hataubisha mlango wenu. Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza mwaka 2011 kuwatibu watumiaji wa heroini kwa methadoni, kama wagonjwa wengine watibiwavyo. Nasi nyumbani tusiwe wakali kuliko hospitali. Kukemea kuna saa yake. Mlango ukigongwa usiku, mkubwa wa nyumba aulize kwanza kama mgonjwa anapumua. Habari za nani aliuza na nani alishawishi zingoje asubuhi.