Hukumu Isiyo na Rufaa

Wahenga walisema: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ndani ya usemi huo mna imani kongwe kwamba chenye thamani hakihitaji mlinzi. Na mtu akiifuata imani hiyo hadi mwisho, atasema kwamba kilichopotea kilistahili kupotea. Je, hiyo ni haki?

Mwaka 1925, F. Scott Fitzgerald wa Marekani alichapisha riwaya ya The Great Gatsby, kisa cha tajiri aandaaye karamu za fahari kwa tamaa ya kumrejesha mpenzi wake wa zamani, ambaye sasa ni mke wa mtu. Mwaka 1926 riwaya hiyo ikageuzwa filamu isiyo na sauti, ikielekezwa na Herbert Brenon, naye Warner Baxter akiigiza nafasi ya Gatsby. Fitzgerald na mkewe, Zelda, walikwenda kuitazama. Baadaye Zelda aliandika katika barua kuwa ilikuwa mbovu mno, hata wakaondoka.

Huenda alisema kweli. Lakini nani leo awezaye kumsadiki au kumkanusha kwa ushahidi? Filamu yenyewe haipo. Limebaki tangazo lake tu, la muda wa kama dakika moja.

Wala haikupotea peke yake. Utafiti uliotolewa na Maktaba ya Bunge la Marekani mwaka 2013 ulionyesha kuwa, kati ya filamu ndefu zipatazo 11,000 zisizo na sauti zilizotengenezwa nchini humo baina ya 1912 na 1929, asilimia 14 tu zimesalia katika umbo lake la asili. Filamu zenye sauti zilipotwaa soko, zile za kale zilihesabiwa taka. Mikanda mingine iliungua, mingine ikaoza, mingine ikayeyushwa ili madini ya fedha yaliyomo yauzwe.

Riwaya nayo haikuuzwa sana. Fitzgerald alipofariki mwaka 1940, wachache tu walikuwa wakiisoma. Lakini nakala zilikuwapo. Katika Vita Vikuu vya Pili, nakala zipatazo 155,000 ziligawiwa askari wa Marekani, na kizazi kipya kikaitengua hukumu ya kizazi kilichotangulia. Kitabu kilipata rufaa, filamu haikuipata.

Hapa pana mtego mwingine: kukisifu kila kilichopotea, kama maiti asiyesemwa ila kwa wema. Hiyo nayo ni hukumu bila ushahidi. Kuhifadhi si kusifu. Ni kukiri kwamba jicho la leo si jicho la mwisho.

Atauliza mtu: ghala gani litatosha kuweka kila kitu? Hakuna. Kuchagua hakuepukiki. Lakini achomaye na ajue kwamba hachomi mali yake peke yake: anamnyang'anya asiyezaliwa haki ya kutazama, na hata haki ya kuchukia, akainuka akaondoka.